Injini Iliyoimba Ikiwa Imesimama

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya kwanza ya Sikio ilikuwa kuvuta sumaku. Ilikuwa sumaku ya spika mbovu, imefungwa kwenye kamba, naye aliiburuta uani taratibu kama mtu anayetembeza mbuzi mvivu. Misumari, vipande vya waya na nati zilizopotea wiki nzima zilirukia sumaku na kung'ang'ania. Kisha alimwaga vumbi la mbao juu ya madoa ya oili, akalifagia, akafunga nywele kwa kitambaa na kukunja mikono ya ovaroli hadi juu ya viwiko. Baba yake hakumruhusu mtu yeyote kusogelea injini inayonguruma akiwa na nywele zinazoning'inia au nguo iliyolegea.

"Feni haina macho," alikuwa akisema. "Haijui kama hiki ni kitambaa au ni kidole."

Karakana ilikuwa uani kwao. Jiko la nyumbani lilikuwa upande wa pili wa ukuta, hivyo mama alijua gari gani limepona na lipi bado linaumwa huku akikoroga sufuria. Jina halisi la msichana lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio ya shule, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Akiwa na miaka saba alikuwa amesimama mlangoni, gari likapita, akasema, "Baba, lile gurudumu la nyuma linalia kama panya." Kweli, kesho yake gari lile lililetwa likiwa na beringi iliyokufa. Tangu siku hiyo akaitwa Sikio. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jumamosi hiyo, gari la kwanza lilikuwa pikapu nyeupe ya kituo cha afya. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyeiendesha. Alikuwa mama mwenye mwendo wa haraka na sauti ya chini.

"Shikamoo, mama," Sikio alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi, leo nina safari ya mlimani. Saa sita niwe njiani na sanduku la chanjo. Kina mama wananisubiri kule juu, wengine wametoka kwao alfajiri na watoto mgongoni. Hili gari limekuwa zito, halivuti."

"Niachie mpaka saa nne, dada," baba alimjibu.

Walibadilisha plagi na kusafisha kabureta. Yakabaki mambo ya taimingi, yaani kupanga wakati ambao cheche ya plagi inawasha mafuta ndani ya injini. Sikio alikuwa ameona kazi hiyo mara nyingi, lakini siku hiyo baba alimpa taa ya kupimia mkononi.

"Ukimsukuma mtoto kwenye bembea," baba aliuliza, "unamsukuma lini?"

"Akishafika mwisho, anapoanza kwenda tena."

"Na ukimsukuma wakati bado anakuja kwako?"

"Nitaumia viganja. Na yeye atashtuka."

"Basi pistoni ni yule mtoto, na moto ndio mkono wako. Cheche tunaiwasha mapema kidogo, kwa sababu moto nao una muda wake wa kukua. Ikiwashwa mapema mno, moto unaipiga pistoni usoni wakati bado inapanda. Kitabu cha gari hili kinasema nyuzi kumi. Lakini gari lenyewe ni kuukuu, na linapanda mlima na mzigo. Tutaliwekea nane. Nane ni salama."

Alichomoa kipira chembamba cha hewa kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, akakiziba kwa bolti ndogo ili kisivuruge kipimo. Akabana waya za taa kwenye betri, na kibanio cha tatu kwenye waya wa plagi namba moja. Injini ikawashwa, baba akalegeza nati ya distributa na kuizungusha kidogokidogo. Sikio alielekeza taa chini kwenye puli, lile gurudumu dogo la mbele ya injini. Puli ilikuwa inazunguka kwa kasi, lakini kila taa ilipomulika, alama nyeupe ilionekana kana kwamba imesimama tuli mbele ya mizani ndogo ya chuma yenye namba za nyuzi.

"Naona nane," alisema.

Baba naye aliinama akatazama. "Nane. Sasa tunakaza nati, halafu tunapima tena. Nati ikikazwa huwa inaivuta distributa kidogo, kwa hiyo kipimo cha mwisho ndicho kipimo."

Hata hajagusa spana, dereva wa lori la mchanga akaingia akihema. Gurudumu lake lilikuwa limezama mtaroni, na lori limefunga barabara yote. Baba alichukua jeki na kipande cha ubao.

"Sikio, kaza hiyo nati, pima tena kwa taa. Nikirudi uniambie taa imesema ngapi."

"Sawa, baba."

Mtu mwingine pekee aliyebaki uani alikuwa Kasuku, mwanafunzi mwenzake, aliyekaa juu ya tairi akila ndizi. Kasuku aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wake, na hakuona aibu.

"We Sikio," alisema, "hilo sikio lako siku hizi ni pambo?"

"Kwa nini?"

"Shule nzima inajua unasikia ugonjwa wa gari hata kabla halijakata kona. Leo unahitaji taa? Hata mimi nikipewa taa nitaona."

"Taa ndiyo inapima."

"Haya, pima, pima. Nilidhani nina rafiki fundi, kumbe ni karani."

Sikio alicheka, lakini neno hilo lilimwingia. Aliweka taa kando. Nati ilikuwa bado imelegea. Akaishika distributa, akaizungusha kidogo tu, kiasi cha upana wa ukucha. Injini ikainuka. Akaizungusha tena. Mngurumo ukawa mwepesi, laini, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Ilipoanza kwenda kasi kupita kiasi, alipunguza kwa skrubu ya kabureta, nayo ikatulia. Haikuwahi kusikika vizuri namna ile.

"Inaimba!" Kasuku alipiga makofi. "Sasa hapo nimekubali."

Sikio alikaza nati. Aliitazama taa iliyokuwa juu ya meza. Aliinyooshea mkono. Wakati huohuo akasikia sauti ya baba nje, akiagana na dereva wa lori. Akawaza: ikisema namba nyingine, nitaanza upya, na baba ataniona nahangaika. Akazibana zile waya mkononi, akazichomoa zote, akarudisha kipira cha hewa mahali pake.

Baba aliingia, miguu imejaa matope. Alisimama, akasikiliza.

"Imetulia sana. Taa imesema ngapi?"

"Nane, baba."

"Baada ya kukaza?"

"Baada ya kukaza."

Neno lilitoka kirahisi, bila kukwama popote. Baba aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akafunga boneti. Kasuku alitazama ganda lake la ndizi kana kwamba kuna maandishi juu yake.

Saa nne muuguzi akachukua gari lake. Alivuka barabara akajaza mafuta kwa jirani yao, mzee mwenye pampu moja ya petroli, kisha akaenda kituoni kupakia.

Saa sita kasorobo pikapu ikarudi na kusimama mlangoni, maana njia ya mlimani ilipita hapo. Nyuma kulikuwa na mizani ya watoto, mahema mawili na makasha ya dawa. Kwenye kiti cha mbele, likiwa limefungwa mkanda kama abiria, kulikuwa na sanduku la bluu la chanjo.

"Fundi," muuguzi alisema kupitia dirishani, "gari ni tamu kwenye tambarare, sina la kusema. Lakini nilipopanda kile kilima cha kituoni na mzigo, likaanza kugonga. Tak-tak-tak-tak, kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Nikiachia mafuta, linanyamaza."

Sikio hakuhitaji kuisikia sauti ile. Mwaka uliopita baba alimwonyesha pistoni iliyotolewa kwenye gari lililogonga hivyo kwa muda mrefu. Katikati yake palikuwa na tundu linaloingia kidole.

Baba alimgeukia. "Taa ilisema nane?"

Kwa mara ya pili siku hiyo, Sikio akasema, "Ndiyo, baba."

"Basi taimingi iko sawa," baba alimwambia muuguzi. "Binti yangu akisema nane, ni nane. Tukianza kupima upya tutakupotezea muda bure. Kilichobadilika ni mafuta." Akavuka barabara kwa hatua ndefu, muuguzi akishuka kumfuata, na Sikio nyuma yao.

Mzee wa petroli alikuwa anafuta kioo cha pampu yake.

"Jirani," baba alisema, "petroli yako leo ina nini?"

"Ina nini kivipi?"

"Gari la kituo limejazwa hapa, na sasa linagonga."

Mzee aliacha kufuta. "Unataka kusema nachanganya?"

"Sijasema. Nauliza."

"Umeuliza mbele ya mteja, fundi. Hapo umeshasema." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Miaka kumi na minne tunatazamana ng'ambo hii na ile. Ulishawahi kukuta hata maji kwenye petroli yangu? Vitambaa vyako unaviosha kwa mafuta ya nani?"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri na pikipiki zao walitazamana. Mmoja alifunga kifuniko cha tangi lake taratibu, kama mtu anayefikiria kwenda kwingine.

"Basi, basi," muuguzi alisema. "Barafu yangu hainisubiri niwapatanishe. Nitakwenda polepole, nikifika nimefika." Alirudi kwenye gari, akafungua mlango.

Sikio alimtazama mzee wa petroli. Alikuwa ameshika kitambaa, hafuti. Akamtazama baba yake, ambaye hajawahi kumsingizia mtu, na sasa alikuwa amemsingizia jirani kwa sababu ya kumwamini mwanawe. Kisha akalitazama lile sanduku la bluu lililofungwa mkanda. Muuguzi aliingiza ufunguo.

"Usiondoke, mama!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Si petroli."

Wote wakageuka.

"Sikupima. Niliizungusha distributa kwa kusikiliza. Baada ya hapo taa sikuitazama tena. Niliposema nane... nilisema tu."

Baba akamgeukia mzee.

"Jirani, nimekukosea. Nitakuja tuzungumze vizuri, lakini kwanza niliokoe hili gari."

"Nenda," mzee alisema.

"Ni hatari kiasi gani?" muuguzi aliuliza. "Nina barafu ya kudumu muda wa saa sita tu, na saa moja imeshakwisha."

"Kwa mwendo wa polepole huenda ukafika, dada. Na huenda pistoni ikatoboka njiani, ukabaki porini na barafu inayeyuka. Nipe dakika ishirini."

Muuguzi aliitazama saa yake. Kisha akachomoa ufunguo na kumpa Sikio, si baba. "Haya. Ingiza gari kivulini, fundi asukume. Sanduku lisipigwe jua."

Sikio alishika usukani, wengine wakasukuma; hata mzee wa petroli alikuja kusukuma, ingawa hakuna aliyemwita. Sikio alifunga upya kitambaa chake cha kichwa. Alichomoa kipira cha hewa, akakiziba. Alibana waya za taa mbali na feni. Baba akawasha injini.

Ilinguruma kwa ulaini uleule wa asubuhi. Sikio alimulika puli. Aliitafuta alama nyeupe kwenye nane, hakuiona. Aliitafuta kwenye kumi na mbili, kwenye kumi na sita. Ilikuwa imepita mizani yote, iko nje kabisa, peke yake.

"Baba," alinong'ona. "Haimo."

Baba aliinama. "Naona. Inapita ishirini."

"Lakini inasikika vizuri!"

"Inasikika vizuri kwa sababu gari limesimama. Haijabeba chochote. Ikiwa haina mzigo, cheche ya mapema huifanya injini ichangamke. Ipe mlima, ndipo utasikia ukweli wake. Sikio lako halikukosea, mwanangu. Liliulizwa swali ambalo haliwezi kulijibu."

"Ndiyo maana wahenga wakasema sikio halipiti kichwa," mzee wa petroli alisema kutoka nyuma, na muuguzi akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Hata baba alitabasamu upande mmoja.

Sikio alilegeza nati, akairudisha distributa kidogokidogo. Alama ikarudi kwenye mizani, ikashuka, ikatua. "Nane," alisema. Akakaza nati. Akapima tena. Ilikuwa imesogea hadi tisa na nusu. Alilegeza, akarekebisha, akakaza huku baba ameishika distributa. Akapima mara ya tatu.

"Nane baada ya kukaza. Baba, tazama na wewe."

Baba alitazama, kisha akampisha muuguzi. "Na wewe dada, tazama. Ni gari lako."

Muuguzi aliinama, akaiona alama nyeupe imetulia kwenye nane. Sikio akarudisha kipira cha hewa na kuirekebisha skrubu ya kabureta. Injini sasa haikuimba. Ilinguruma kawaida tu, kama mtu anayefanya kazi yake.

"Kabla hujaenda mlimani, tukaijaribu na mzigo," baba alisema.

Muuguzi aliendesha, Sikio amekaa kando yake na sanduku mapajani, baba kasimama nyuma kati ya makasha. Walikipanda kilima cha kituoni. Muuguzi alikanyaga mafuta. Sikio alifumba macho akasikiliza kwa uangalifu kuliko alivyowahi kusikiliza kitu chochote. Hakukuwa na kokoto wala kopo.

"Mimi nikimgusa mtoto paji la uso," muuguzi alisema akibadilisha gia, "huwa najua kama ana homa. Miaka ishirini, mkono huu haudanganyiki mara nyingi. Lakini kwenye kadi yake naandika kilichosemwa na kipimajoto. Siandiki kilichosemwa na mkono. Na siku nisipopima, naandika sijapima. Unanielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe pale uliposema si petroli. Wengi wangeniacha niende."

Saa sita na dakika ishirini pikapu ilielekea mlimani. Sikio alivuka barabara peke yake kumwomba radhi mzee wa petroli, mbele ya watu wote waliokuwa foleni. Ilikuwa vigumu kuliko kazi yoyote ya spana. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, "Mmesikia? Petroli yangu ni safi, hata Sikio amethibitisha!" Watu wakacheka, na pikipiki zikasogea mbele.

Kasuku alikuwa akimsubiri mlangoni. "Mimi ndiye niliyekuchokoza," alisema, kwa mara ya kwanza maishani bila maneno ya ziada.

"Ulichokoza, lakini mkono ulikuwa wangu," Sikio alimjibu.

Saa kumi na moja jioni honi ililia njiani. Muuguzi hakusimama. Alipunguza mwendo tu, akatoa mkono dirishani. "Watoto arobaini na mmoja!" alipaza sauti. "Sanduku tupu!" Baba alimpungia akiwa ameketi kwenye kibao, ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Sikio alikuwa anammiminia maji.

"Leo tulikosea wawili," baba alisema. "Mimi nilikuuliza badala ya kupima. Nilikuwa na taa hatua tatu kutoka hapa, nikachagua njia fupi, nikamuumiza jirani. Nitalikumbuka hilo."

"Uliniamini, baba."

"Nilikuamini. Na bado nitakuamini, lakini kuanzia kesho kila kipimo cha mwisho tutakitazama wawili. Si adhabu. Mimi nami utanikagua." Alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Mwanangu, kukosea kipimo si aibu. Nimekosea mara nyingi kabla sijawa na nywele nyeupe. Kinachovunja injini, na kinachovunja watu, ni kusema nane wakati hujatazama. Neno la uongo linasikika vizuri likiwa limesimama, kama lile gari asubuhi. Halijabebeshwa kitu. Lakini kila neno mtu hulipakia mzigo wake na kupanda nalo mlima. Yule mama alipakia watoto arobaini na mmoja juu ya neno lako. Basi kabla ya kumpa mtu neno, lipime. Na kama hujapima, sema sijapima. Hapo hakuna kitakachotoboka."

Sikio alimwaga maji yaliyobaki kwenye vumbi. Kisha akaichukua taa ya kupimia, akafuta oili kwenye waya zake, akazikunja vizuri na kuitundika mahali ambapo kila anayeingia angeiona kwanza.